Sentensi Niliyoiandika Kwenye Faili la Fundi

Siku ya sita baada ya kukatwa mguu wa kulia chini ya goti, mgonjwa niliyekuwa nikimhudumia katika wodi ya upasuaji ya wanaume aligeuza uso ukutani na kukataa kabisa kukitazama kidonda chake wakati nikikisafisha. Uji wa asubuhi alikuwa amempa jirani wa kitanda cha pili. Nilipoanza kumweleza, kwa mara ya tatu, namna ya kujidunga insulini, alifumba macho. Nilimaliza kazi, nikanawa mikono, nikarudi mezani na kuandika katika faili lake sentensi ambayo wauguzi wengi wa nchi hii wameisoma au wameiandika: "Mgonjwa hatoi ushirikiano." Ulikuwa mwaka 2015, nilikuwa na miaka tisa kazini, na niliamini kwamba nimeandika jambo la kweli.

Nitamwita Fundi, kwa sababu ndivyo mtaa wake ulivyomwita na ndivyo alivyopenda kuitwa. Alikuwa fundi cherehani wa miaka 58, mwenye kibanda chake kando ya barabara katika mji wa pwani, na alikuwa ameishi na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Kisukari kisipodhibitiwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na hisia hupotea polepole kuanzia vidoleni na kupanda juu, huku mishipa ya damu nayo ikizidi kuwa myembamba, hivyo jeraha dogo halisikiki na halipati damu ya kutosha kupona. Fundi alikanyaga kipande cha sindano ya cherehani kilichovunjika kwenye sakafu ya kibanda chake mwenyewe, akaendelea kushona mpaka jioni. Mkewe ndiye aliyeona damu kwenye kandambili. Walikiuguza kidonda nyumbani kwa wiki tatu, na walipofika hospitali vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi na maambukizi yamepanda hadi kifundoni.

Kwa kipimo cha kawaida cha wodi, Fundi alikuwa akiendelea vizuri sana. Homa ilikuwa imeisha, kidonda kilikuwa kikavu, na sukari yake ya damu iliyokuwa milimoli 19 kwa lita siku ya kulazwa ilikuwa imeshuka hadi 8. Daktari alipopita asubuhi alisema tumwandae kwa kuruhusiwa. Yeyote aliyesoma chati yake angesema huyu amepona. Mtu aliyelala kitandani hakuwa na dalili hata moja ya kupona, na sisi hatukuwa na safu ya kuliandika jambo hilo.

Wakati huo nilikuwa nikisoma shahada ya uuguzi huku nikifanya kazi, na wiki hiyohiyo tulikuwa tumepewa zoezi la kuchagua nadharia moja ya uuguzi na kuitumia kwa mgonjwa halisi. Nilichagua modeli ya Sista Callista Roy, mtawa na muuguzi wa Marekani. Akiwa muuguzi wa watoto alikuwa ameshangazwa na jinsi watoto wagonjwa wanavyoweza kuinuka tena kutoka katika hali ngumu, na alipokuwa akisoma shahada ya uzamili Los Angeles miaka ya 1960, mwalimu wake Dorothy Johnson aliwataka wanafunzi waeleze lengo hasa la uuguzi ni nini. Jibu la Roy, lililochapishwa mara ya kwanza mwaka 1970, lilikuwa kwamba lengo la uuguzi ni kumwezesha mtu kukabiliana na mabadiliko ya afya yake kwa namna inayomletea uzima. Msingi mmoja aliuchukua kwa mwanasaikolojia Harry Helson, aliyechunguza jinsi macho yanavyoendana na mwanga: ukitoka juani ukaingia chumba chenye giza huoni kitu, kisha taratibu vitu vinaanza kuonekana, na muda utakaouhitaji unategemea giza la chumba na pia mwanga uliotoka nao nje. Ugonjwa nao uko hivyo. Wagonjwa wawili waliokatwa mguu mahali pamoja hawaingii giza moja, kwa sababu hawakutoka kwenye mwanga mmoja.

Roy anasema tutazame maeneo manne ambamo mtu huonyesha kama anaendana na badiliko au limemshinda: mwili wake, jinsi anavyojiona nafsini, majukumu anayoyabeba kati ya watu, na uhusiano wake na wale anaowategemea na wanaomtegemea. Kisha tutafute vichocheo, yaani mambo yanayomsukuma mtu kuwa alivyo. Kuna kichocheo kilicho mbele yake sasa hivi, kuna vile vya mazingira vinavyokizidishia nguvu au kuipunguza, na kuna masalia: imani, kumbukumbu na hofu za zamani ambazo muuguzi hazioni na pengine mgonjwa mwenyewe hazitaji. Kazi ya muuguzi ni kuvishughulikia vichocheo hivyo, kwa kukiondoa kimoja, kupunguza kingine au kukibadili. Kuendana na hali ni kazi ya mgonjwa mwenyewe, na hakuna awezaye kumfanyia.

Niseme kidogo kuhusu neno lenyewe la Roy, "adaptation," ambalo hapa naliita kuendana na hali, kwa sababu lilinisumbua. Masomo yetu yalikuwa kwa Kiingereza, na nilipotaka kuwaeleza wahudumu wa wodi, neno la kwanza lililonijia lilikuwa "kuzoea." Nililikataa baada ya siku chache. Mtu anaweza kuzoea maumivu, akazoea kudharauliwa, akazoea hata kukaa gizani, na hakuna lililo jema hapo. Niliona neno la wazee wetu, "kumudu," linakaribia zaidi, kwa kuwa anayemudu jambo bado analishika mkononi mwake mwenyewe. Tangu wakati huo, swali langu kwa mgonjwa ni hili: katika haya yaliyokupata, lipi unalimudu na lipi limekushinda?

Nilirudi kwa Fundi saa nane mchana, saa ambayo wodi hutulia, nikavuta kiti badala ya kusimama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, sista. Umekuja na sindano?"

"Sina sindano. Nimekuja kukuuliza habari za usiku."

Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama mtu akikatwa mguu anaweza kuchanganyikiwa akili. Ndipo alipoeleza kwamba kila usiku, wodi ikishazimwa taa, mguu usiokuwepo humuuma. Vidole vinajikunja, vinabana, vinawaka moto, na akinyoosha mkono kuvikanda anashika shuka. Hakumwambia mtu yeyote. Kwao kulikuwa na maneno kwamba kiungo kikizikwa vibaya, kikiwa kimekunjwa au kimebanwa, mwenyewe atakisikia mpaka afe, na mguu wake ulikuwa umechukuliwa na mwanawe kwenda kuzikwa wakati yeye bado yuko kwenye usingizi wa dawa. Kwa siku sita alikuwa amelala hapo akiamini kwamba mwanawe aliuzika mguu wake vibaya, na asijue namna ya kumwambia kijana bila kumuumiza.

Maumivu ya kiungo kisichokuwepo nilikuwa nimeyasoma. Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani aliyewatibu askari waliokatwa viungo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, aliyaandika mwaka 1871 kwa jina la kiungo cha mzuka, na leo inajulikana kwamba ubongo huendelea kuwa na ramani ya mguu hata baada ya mguu kuondoka, na mishipa iliyokatwa huendelea kutuma ishara. Nilijua haya yote, na kwa siku sita sikumuuliza. Chati yetu ilikuwa na nafasi ya joto, mapigo ya moyo, sukari na mkojo, nami niliijaza kwa uangalifu mkubwa.

Nilimweleza Fundi kwamba akili yake ni nzima na kwamba maumivu yale yana jina, yanajulikana na yana dawa. Siku hiyohiyo daktari alimwandikia amitriptilini, dawa inayotuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, ya usiku kwa dozi ndogo. Lakini lile la maziko halikuwa la daktari. Jioni mwanawe alipokuja, nilimwomba amweleze baba yake hatua kwa hatua jinsi walivyouzika. Kijana alieleza kwamba waliuosha, wakaunyoosha, wakauvisha kitambaa cheupe, na mjomba wake alikuwepo akiwaelekeza. Aliongeza kwamba alipanda mwarobaini pembeni ili mahali pasipotee. Fundi alimtazama mwanawe, akamshika mkono, wala hawakusema zaidi. Usiku ule alilala saa tano mfululizo. Sitaki kudai kwamba maumivu yaliisha, kwa sababu yaliendelea kumrudia kwa miezi, ila hofu iliyokuwa ndani yake iliondoka, na maumivu yasiyo na hofu ni mzigo mwingine kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya masalia katika nadharia ya Roy. Darasani nilikuwa nimeyaona kama sehemu ya kujaza tu mwishoni mwa jedwali. Kwa Fundi ndiyo yaliyokuwa mlango, na kulikuwa na salio lingine nyuma ya hilo: kaka yake alikatwa mguu miaka mingi iliyopita kwa ugonjwa huohuo na hakumaliza mwaka. Ndiyo sababu ya zile wiki tatu za kuuguza nyumbani. Sisi tuliziita uzembe, na nakumbuka kwamba mmoja wetu alimwambia hivyo waziwazi siku ya kulazwa.

Kwa upande wa nafsi, mambo mawili yalikuwa yakimla. La kwanza lilikuwa sala. Tangu atoke chumba cha upasuaji hakuwa ameswali hata mara moja, kwa kuwa hakujua namna ya kusimama wala namna ya kutawadha na mguu umefungwa bandeji, naye aliona haya kuuliza. Mimi si mtu wa dini yake, kwa hiyo nilimwomba mkewe amlete imamu wa msikiti wao. Imamu alikaa naye karibu saa nzima, akamweleza kwamba mgonjwa huswali akiwa ameketi, na akishindwa huswali akiwa amelala, na akamwelekeza kuhusu udhu. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameketi kitandani, kofia kichwani. La pili lilikuwa mjukuu wake wa miaka minne, ambaye alikuwa amekataza asiletwe. Hilo sikuligusa. Nilihisi ni lake, na kwamba muda wake ungefika, na nadhani nilifanya sawa kusubiri.

Eneo la majukumu ndilo lililonifundisha zaidi, na ndilo nililolikosea zaidi. Nilidhani nimelifahamu kwa kuandika "kazi: fundi cherehani" juu ya faili. Mkewe ndiye aliyeniambia, tukiwa tumesimama koridoni, kwamba kulikuwa na sare za shule arobaini ambazo wazazi walikuwa wamekwisha kulipia malipo ya awali, kwamba ulikuwa mwezi wa Desemba na shule zinafunguliwa Januari, na kwamba fedha zile zilikuwa zimetumika kununua dawa na kulipia upasuaji. Mtu niliyemwandika kwamba hatoi ushirikiano alikuwa amelala pale akihesabu sare. Tena cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na kwa miaka thelathini aliikanyaga kwa miguu miwili, wa kulia ukiongoza. Kwake yeye, kupoteza mguu huo kulikuwa ni kupoteza mkono wa kulia wa kazi.

Tulianza na mguu uliobaki. Mtaalamu wa viungo alimpa mazoezi ya kifundo cha mguu wa kushoto, juu na chini, kisigino na vidole, mwendo uleule wa kukanyagia, na nilimwambia ayafanye akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda huku akisikiliza redio, ili apate mdundo. Mwenyewe ndiye aliyeomba apelekewe mkasi, chaki na futi ya kitambaa. Matroni aliruhusu, na kwa siku nne za mwisho Fundi alikata vitambaa vya sare kwenye meza ya chakula karibu na veranda, mwanawe akimshikia upande wa pili. Ushonaji ulichukuliwa na fundi mwingine wa barabara ileile, ambaye kwa miaka mingi walikuwa hawaelewani kwa sababu ya wateja. Fundi aliipokea habari hiyo kwa uzito. Alisema, "Sista, kuomba ni kugumu kuliko kukatwa." Sijapata kusikia eneo la kutegemeana likielezwa kwa maneno sahihi zaidi.

Kutegemeana huko kulikuwa na upande wake nyumbani. Mkewe alikuwa akimwekea mto chini ya goti la mguu uliokatwa, kila siku, kwa mapenzi, na kila siku wauguzi wa zamu waliuondoa bila maelezo, wakati mwingine kwa ukali. Mto ule ni hatari: goti likikaa limekunjwa kwa wiki kadhaa, misuli ya nyuma hufupika, goti halinyooki tena, na mguu wa bandia hauwezi kumkaa vizuri. Nilimwita mama yule pembeni, nikamweleza hivyo, kisha nikamfundisha kazi nyingine ya mikono yake, ambayo ni kuzungusha bandeji ya kukifinyanga kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kwa mtindo wa namba nane, ikikaza zaidi chini na kulegea kuelekea juu. Ndani ya siku mbili alikuwa akiifunga vizuri kuliko wanafunzi wetu. Baada ya hapo Fundi alikubali pia kwamba mkewe ajifunze insulini, kisha siku moja, akiwa amemwona akihangaika na bomba la sindano, alilichukua mkononi mwake na kujidunga mwenyewe. Kushika sindano ilikuwa kazi yake tangu ujana. Mimi nilikuwa nimelifundisha jambo hilo mara tatu kwa mtu ambaye kwanza alihitaji kulala.

Nimekuwa nikiitumia nadharia hii kwa miaka mingi sasa, na nina malalamiko yangu juu yake. Fomu tulizopewa chuoni zilikuwa na kurasa sita, na usiku mmoja katika wodi yetu wauguzi wawili tulikuwa na wagonjwa 32. Hakuna atakayejaza kurasa sita. Nilichofanya ni kubaki na maswali manne, moja kwa kila eneo, na kuyauliza wakati mikono yangu inafanya kazi nyingine, wakati wa kufunga kidonda au kutandika kitanda. Jambo zito zaidi ni kwamba neno la kuendana na hali linaweza kutumiwa vibaya. Niliwahi kumhudumia kijana ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi na alihitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara, na familia yake ilikuwa imekwisha kuuza kila walichonacho. Katika kikao mtu mmoja alisema kwamba inabidi kijana asaidiwe kuikubali hali yake. Nilipinga, na ningepinga tena leo. Roy anatutaka tushughulikie kichocheo, na kichocheo cha kijana yule kilikuwa gharama. Mtu hapaswi kufundishwa kumudu jambo ambalo wengine wangeweza kuliondoa. Tulimwandikia barua ya ustawi wa jamii, tukafuatilia msamaha wa gharama, tukapata sehemu tu ya tulichoomba. Alifariki baada ya miezi mitano, na mpaka leo siwezi kuandika kwamba lolote kati ya yale maeneo manne lilikuwa limetengemaa.

Nawaambia wanafunzi wanaokuja wodini kuhusu wote wawili, Fundi na kijana yule. Nawaambia pia kuhusu ile sentensi ya kwenye faili. Siku Fundi aliporuhusiwa niliifungua tena, na kwa kuwa kumbukumbu za mgonjwa hazifutwi, niliandika chini yake kwa tarehe mpya: mgonjwa alikuwa na maumivu ya kiungo kisichokuwepo, kukosa usingizi, hofu kuhusu maziko ya kiungo, na wasiwasi mkubwa juu ya kazi, hakuwa ameulizwa.

Mwezi wa Aprili nilikwenda kumtembelea kibandani kwake. Alikuwa bado anatumia magongo, akisubiri zamu ya kupimwa mguu wa bandia, na alikuwa anashona kwa mguu wa kushoto, taratibu kuliko zamani, mjukuu wake akiwa amekaa chini ya meza akicheza na vifungo. Sukari yake ya asubuhi alikuwa akiiandika kwa chaki ukutani, karibu na vipimo vya wateja. Kilichonishangaza kilikuwa fimbo iliyoegemezwa mlangoni, yenye sumaku kubwa iliyotolewa kwenye spika mbovu na kufungwa kwa waya ncha moja. Nilimuuliza ni ya nini. Aliichukua, akaipitisha polepole sakafuni kuzunguka cherehani, chini ya meza na mpaka kizingitini, kisha akanigeuzia nione: pini tatu, na nusu ya sindano.